Mara ya Pili Sikwenda

Mwanangu Atu,

Nasikia unavyopigana na zipu ya begi huko chumbani, nami nimekaa hapa jikoni nakuandikia kama mtu aliye nchi nyingine. Ukuta mmoja tu ndio unaotutenga. Lakini yapo maneno ambayo nikikutazama usoni sitayafikisha mwisho. Nitaanza, halafu nitakuuliza kama umeweka sweta, na yataishia hapo.

Ya sweta na ya kula kwa wakati tumeyasema wiki nzima. Hapa sitayarudia.

Kesho unakwenda Iringa kuanza kazi katika nyumba ile ile niliyofanyia kazi mimi kwa miaka sita. Siku ulipoleta barua ya ajira uliruka ruka hapa sebuleni ukasema, "Mama, nakwenda kukaa kwenye kiti chako!" Nikacheka na wewe. Kila ulipokuwa ukiniuliza kwa nini niliacha kazi ile nilikujibu kwamba ni magoti, kwamba baridi ya Iringa iliniingia kwenye mifupa. Na wewe, mtoto uliyekulia hapa Uyole, Mbeya, hukushangaa kwamba baridi ya Iringa ilinishinda na ya hapa naiweza. Uliniamini tu.

Magoti yangu hayana kitu, Atu. Nilifukuzwa. Na nilistahili. Utakuwa ndani ya nyumba ile, utafungua makabati, utasoma mafaili, na siku moja utakutana na mwandiko wangu. Nataka uwe umeshasikia kwangu.

Nilianza pale kama mpishi. Baba yako alikuwa amefariki, wewe ulikuwa unasoma huku kwa mama yako mdogo, na mimi nilikuwa na darasa la saba na mikono hii miwili. Geti halikuwa na kibao. Majirani walidhani ni chuo cha ushonaji, tukawaacha wadhani hivyo, maana kulikuwa na watu waliokuwa wanawatafuta mabinti waliookolewa tuliowahifadhi pale. Kabla ya hapo nilifikiri wanaouza watu ni watu wa kwenye filamu, wageni wenye magari ya vioo vyeusi. Nikakuta ni mjomba. Ni jirani mnayesali naye kanisa moja. Ni mama mwenye heshima zake aliyekuja kijijini na kitenge kipya akasema, nimemtafutia mwanao kazi, au nitamsomesha ufundi, na wazazi wakamfungashia mtoto karanga za njiani na kumshukuru.

Binti wa kwanza niliyempokea alikula chakula chake chote, kisha akaficha kipande cha mkate ndani ya foronya. Nikamkaripia kwa sababu ya mende. Afisa ustawi wetu akaniita pembeni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mwembamba, anavaa raba kila siku kama mtu anayesubiri kukimbia. "Mama Atu, mwache," akaniambia. "Siku akiamini kwamba hata kesho mkate upo, ataacha mwenyewe." Ilichukua miezi minne. Yule afisa ustawi ni Editha. Ndiye huyo huyo aliyekufanyia usaili, aliyesaini barua yako, ambaye sasa ni mkuu wa nyumba nzima. Uliponiuliza kama namfahamu nilisema, "Kidogo."

Baada ya miaka mitatu wakanitoa jikoni wakanifanya mama mlezi. Nililala nao, niliamka nao, niliwapeleka hospitali, niliwasuka. Nitakwambia jambo moja ambalo sikulijua wakati ule. Nilipenda mno kuitwa mama. Nilipenda binti akitoka pale getini anikumbatie shingoni na kulia, akisema hatanisahau. Nilikuwa nahesabu hilo kuwa ndiyo kazi yenyewe. Editha hakuwa hivyo. Yeye binti akiondoka bila hata kuaga alisema, "Vizuri, ana haraka ya kuishi," akarudi kwenye mafaili yake kupanga atampigia lini.

Sasa nikuambie kuhusu Vumilia. Si jina lake. Utajifunza siku ya kwanza kwamba majina yao hayatoki getini, hata kwa mama yako.

Alikuwa wa kijiji kilicho mbele ya Idodi, kwenye ile barabara ya kwenda mbugani. Alipokuwa na miaka kumi na tano shangazi yake, dada wa baba yake, alimchukua akasema anampeleka Mafinga kujifunza cherehani. Huko Mafinga shangazi alikuwa na kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, karibu na mashine za mbao. Mwanzo Vumilia aliosha vikombe. Kisha akaambiwa kwamba wageni wa shangazi ni wageni wake pia. Yaliyofuata sitayaandika. Aliyasema mara moja kwa Editha na mara moja mahakamani, na hizo zinatosha. Miaka miwili, Atu, na mlango ulikuwa unafungwa kwa nje. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza mkaa wa jirani, aliyechoka kujifanya hasikii. Alikwenda kwa mtendaji, mtendaji akapiga simu kwetu, na saa sita mchana polisi wa dawati la jinsia wakafika pale na Editha.

Wiki za kwanza alilala na viatu. Hakusema neno. Editha alikuwa anakaa naye kibarazani, kila mmoja na kikombe chake cha chai, bila kumwuliza kitu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa jikoni, nilipokuwa nasonga. Akasimama mlangoni akanitazama, akasema, "Mama, huo ugali unauogopa?" Akaninyang'anya mwiko. Kuanzia hapo hakunyamaza tena. Aliiga lafudhi yangu ya Kinyakyusa mpaka mabinti wengine wakalala chini kwa kucheka. Alijifunza kushona kweli, si kwa kubahatisha. Alikuwa na jicho, akikutazama tu anajua kiuno chako. Na alipenda kuniuliza habari zako. "Atu anasoma nini sasa hivi? Atu anakugombeza? Ukimpigia simu anapokea mara ya kwanza?" Nilimwambia kila kitu. Mwaka ule ulikuwa unamaliza kidato cha nne.

Shangazi alikamatwa, lakini akawa nje kwa dhamana. Kesi ilikuwa inamsubiri Vumilia aseme. Ndipo baba yake alipokuja.

Alikuja na mwenyekiti wa kijiji, kofia mkononi. Alipiga magoti pale ofisini, mtu mzima. Akalia. Akasema hakujua, dada yake alimdanganya, anataka mtoto wake tu arudi nyumbani, bibi yake amekuwa haoni vizuri kwa ajili ya kulia. Mimi nililia naye. Editha hakulia. Walipotoka akasema, "Mama Atu, alikaa miaka miwili bila kumtafuta. Kwa nini anamtaka sasa hivi, kabla ya kesi?"

"Editha, wewe hujazaa," nikamwambia. "Hujui uchungu wa mzazi."

Nimewahi kusema maneno mabaya zaidi maishani, lakini hayo ndiyo nikiyakumbuka nasimama kufanya kazi yoyote ili niyasahau.

Utaratibu wa kazi hii unaujua, wamekufundisha chuoni. Mtoto harudishwi kwao kabla hatujakwenda kuangalia mara mbili. Mara ya kwanza kwa taarifa, mara ya pili kwa kushtukiza, siku nyingine na saa nyingine. Unaongea na kila mtu mzima peke yake. Unaongea na majirani. Unaona mahali atakapolala. Kisha watu wawili wanasaini. Wiki ile Editha alikuwa mahakamani na mtoto mwingine, akaniomba nisubiri mpaka Jumatatu twende pamoja. Lakini Jumamosi yalikuwa mahafali yako.

Nakuomba hapa usimame kidogo. Hukuniomba niharakishe. Hukujua lolote. Ulikuwa binti wa miaka kumi na saba unayetaka mama yake awepo siku yake, na hilo ni haki ya mtoto yeyote. Nakutajia mahafali kwa sababu nikiyaacha nitakuwa nimekudanganya tena. Na si mahafali peke yake. Nilitaka kuuona mwisho mzuri. Nilitaka baba na binti wakumbatiane na mimi niwe ndiye niliyewapatanisha, halafu nipande basi nije kwako na moyo mweupe.

Alhamisi nikaenda mwenyewe na dereva. Nilikuwa nimepiga simu asubuhi, kwa hiyo walijua nakuja. Kule ni vumbi na joto. Uwanja ulikuwa umefagiwa, kuku ameshachinjwa. Mwenyekiti alikuwepo. Nilionyeshwa kitanda chenye shuka jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Nikala. Nikaongea na baba mbele ya mwenyekiti, na mwenyekiti mbele ya baba. Nikamwuliza baba kuhusu dada yake. Akanyanyua mkono juu akaapa kwamba mwanamke yule hatakanyaga pale.

Wakati naaga, bibi yake Vumilia alitoka ndani akipapasa ukuta. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Akasema kitu kwa Kihehe, maneno mafupi, akayarudia. Mimi Kihehe changu kinaishia kwenye salamu. Nikamgeukia baba yake Vumilia.

"Anasema asante," akaniambia.

"Mwambie karibu sana, bibi," nikajibu, nikautoa mkono wangu.

Jioni ile Editha alirudi amechoka, uso umemshuka. Fomu ilikuwa mezani. Kwenye nafasi ya kuandika tumekwenda mara ngapi, nilikuwa nimeandika mara mbili. Nilijiambia ni karatasi tu, Jumatatu nitakwenda hiyo ya pili nikishatoka Mbeya. Nikamwambia Editha, "Nimeona kila kitu kwa macho yangu. Pako salama. Weka saini, Vumilia aende kesho na gari la shirika." Alinitazama. Akauliza, "Una uhakika, Mama Atu?" Nikasema nina uhakika. Akasaini bila kusoma, kwa sababu ilikuwa mimi.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Vumilia anakunja nguo zake.

"Umelala pale kwetu?" akaniuliza.

"Hapana. Nimeshinda tu."

"Umekula."

"Nimekula, nimeongea na baba yako."

"Shangazi hakuwepo?"

"Hakuwepo. Na hatakuwepo. Baba yako ameapa mbele ya mwenyekiti."

Akakunja gauni moja polepole, akalilaza. "Na nikisema sitaki kwenda?"

Ningeweza kukaa kitandani pale. Ningeweza kusema, kaa hapa nami, tuongee. Gari la kwenda Idodi lilikuwa limeshawashwa nje, na mimi nilikuwa na basi la saa tano. Nikamwambia, "Mwanangu, kila mtu ana kwao."

"Haya," akasema.

Hakunikumbatia shingoni. Aliingia kwenye gari akakaa kiti cha nyuma, katikati, mbali na milango yote miwili. Hata sikumsindikiza. Nilikuja kwenye mahafali yako, nikakuvisha shada, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Furaha yangu ya siku ile ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuhisi kitu chochote.

Na Jumatatu sikwenda. Kulikuwa na mabinti wapya watatu. Nikasema wiki ijayo.

Tulikuwa tunapiga simu. Baba yake anapokea. Kaenda shamba. Kaenda kisimani. Kalala, ana mafua. Siku moja akampa simu msichana, na yule msichana akasema, "Niko salama, mama, shikamoo." Sauti ilifanana. Lakini Vumilia hakuwahi kuniamkia bila kuiga lafudhi yangu. Nilijua, Atu. Nilikata simu nikaandika kwenye daftari, *anaendelea vizuri*.

Januari Editha alipanda bodaboda akaenda bila kumwambia mtu. Vumilia hakuwepo. Hakuwa amekaa pale hata wiki mbili. Shangazi alikuja kumchukua mchana kweupe, na baba yake ndiye aliyebeba begi. Hao hawakumtaka mtoto, walitaka kesi ife. Bibi ndiye aliyemweleza Editha. Editha ni Mhehe, hawakuhitaji mkalimani. Bibi akamwambia, "Nilimwambia yule mama mgeni, nikarudia. Nilimwambia, msimlete."

Mkurugenzi wa wakati ule aliitisha kikao. Fomu ilikuwa mezani na mwandiko wangu na saini mbili. Akauliza nani alikwenda mara ya pili. Editha akasema yeye hakwenda, alidhani ni mimi. Akanigeukia. Wote wakanigeukia. Na mimi mama yako, niliyekuchapa ukiwa darasa la tatu kwa kusema uongo kuhusu penseli, nikasema, "Mimi ni mlezi tu. Ya tathmini ni kazi ya afisa ustawi."

Uongo haukuwa hata na umbo la uongo. Kila neno lilikuwa la kweli.

Editha aliondolewa kazini. Alikuja jikoni kuwaaga mabinti, nami nikainama nikaendelea kuchambua mboga ya mnafu. Alisimama kidogo karibu yangu. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Niliona raba zake zikigeuka, zikatoka.

Nilikaa na hilo miezi mitano. Sikuumwa, sikukonda. Nilikula, nilicheka, nilikutumia meseji. Watu wanasema dhamira inakukaba. Yangu ilikaa kimya kabisa, ikawa mtu mzuri wa kuishi naye. Usiamini, mwanangu, kwamba ukikosea utajua kwa kuumia. Unaweza usiumie.

Juni, wakati wa mavuno ya mpunga, tulipata simu kutoka Madibira. Aliyepiga ni mwendesha bodaboda mmoja aliyewahi kuhudhuria semina yetu, tukidhani amekuja kwa ajili ya soda. Alikuwa amebeba abiria mpaka kambi moja ya wavunaji akamwona mwanamke anayewakaripia mabinti wanaopika, na mabinti hawaruhusiwi kuongea na mtu. Alikumbuka tulichosema. Polisi walikwenda, na yule mwanamke alikuwa shangazi. Safari hii hakupata dhamana. Mabinti wawili walipanda gari siku ile ile. Wa tatu alikataa. Alikuwa ametimiza miaka kumi na nane, hakuna aliyeweza kumbeba. Mkurugenzi akaniambia, "Mama Atu, wewe alikupenda. Twende ukaongee naye."

Tulifika mchana. Majaruba yote ya mpunga yalikuwa yamekuwa rangi ya dhahabu iliyochakaa, watu wanapiga mpunga juu ya maturubai. Vumilia alikuwa amesimama kando ya sufuria kubwa chini ya turubai, ana mimba ya miezi mingi, miguu imevimba, peku. Nikasogea nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, Vumilia."

"Kamwene," akajibu, kama unavyomjibu mpita njia.

"Tumekuja kukuchukua."

"Mnipeleke wapi?"

"Kwenye nyumba. Kwetu."

Akapakua sahani moja, akampa mvunaji mmoja, akapangusa mkono. Hakuwa na hasira. Ningetamani awe nayo. "Nyinyi si ndio mlionirudisha?" akasema. "Huyu shangazi alinichukua mara mbili. Mara ya kwanza alimdanganya baba. Ya pili mlimletea wenyewe, kwa gari."

Mkurugenzi akaanza kuomba radhi kwa niaba ya shirika. Vumilia akamkatiza kwa heshima kabisa. "Mama, kama mnataka niongee na mtu, mwiteni Dada Editha. Yule hakuwahi kuniambia uongo."

Tulirudi kwenye gari. Dereva akaendesha. Baada ya muda mkurugenzi akasema kama anajisemea, "Ajabu. Editha huyu huyu aliyesaini kwamba amekwenda mara mbili." Nilikuwa naangalia nje, na nakwambia ukweli, ningeweza kunyamaza tena. Lilikuwa jambo jepesi. Nilikuwa nimeshazoea.

"Mara ya pili haikuwepo," nikasema. "Niliandika mimi. Editha hakujua."

Mkurugenzi alimwambia dereva asimame. Alishuka akaenda kusimama mbele kidogo, barabarani, mgongo wake kwetu, muda mrefu. Aliporudi alisema, "Editha ana mama mgonjwa na hana kazi tangu Februari. Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Kesho yake nikapewa barua yangu ya kufukuzwa.

Editha alipoitwa angeweza kukataa. Alikwenda siku ile ile. Nilisimuliwa baadaye na dereva kwamba alikaa kambini pale siku tatu, analala kwa mama mmoja jirani, anaosha sufuria na Vumilia, haulizi, hamshawishi. Siku ya nne Vumilia alisema, "Twende basi," wakaondoka.

Atu, huo ndio msaada. Sikuuelewa kwa miaka sita niliyokuwa pale. Nilidhani msaada ni siku ile polisi wanavunja mlango, au siku ile binti anapanda gari kwenda kwao na kila mtu analia. Kumbe ni zile siku za katikati zisizo na shahidi. Vumilia alijifungua salama, mtoto wa kiume. Nyumba ilikaa naye na mtoto karibu miaka miwili. Wakampa wakili, mnasihi, cherehani, na mtu wa kumsindikiza kliniki, maana hakuweza kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango, na nasikia mpaka leo hawezi. Akasimama mahakamani akasema yote. Shangazi amefungwa. Baba yake hakupatikana na hatia, ushahidi haukutosha, yuko pale pale kijijini na watu wanamsalimia. Bibi alifariki kabla ya hukumu. Vumilia anaishi mji ambao siujui, na hata ningeujua nisingeuandika.

Nilimwona mara moja baada ya Madibira. Niliitwa kuwa shahidi. Wakili wa upande wa pili aliniuliza nilikwenda kwenye familia ile mara ngapi, nikasema mara moja. Akasema karatasi inasema mbili. Nikasema karatasi imeandikwa uongo, na mwandishi ni mimi. Nilipotoka nilimkuta kwenye korido, mtoto mgongoni, anasubiri zamu yake, Editha pembeni yake. Nilimsogelea nikaanza, "Vumilia, nakuomba unisamehe."

"Mama Atu," akasema, "leo sina nafasi ya hilo. Leo nimekuja kwa ajili ya shangazi."

Nafasi nyingine haijatokea. Si kazi yake kuitafuta.

Na Editha alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye bega la Vumilia, ananitazama. Kwake yeye sikusema lolote. Niliogopa zaidi kumwomba yeye kuliko Vumilia, kwa sababu Editha alikuwa rafiki yangu. Shirika lilimrudisha kazini, baadaye likamfanya mkuu. Nimemwandikia barua mara nyingi nikazichana zote.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nikae hapa jikoni. Editha hajui wewe ni nani. Vyeti vyako vyote vinakuita Neema, pamoja na jina la baba yako; Atu ni la nyumbani tu. Pale mimi nilikuwa Mama Atu tu. Ulipoomba kazi ile nilifurahi, kisha nikaogopa, kisha nikaona kwamba inawezekana asijue kamwe. Nikakuacha uende kwenye usaili hivyo hivyo. Yaani nilikuwa nataka kulifanya lile lile la kunyamaza tena, Atu, na safari hii nikutumie wewe.

Juzi niliandika barua ya kumpelekea, nikaitia kwenye bahasha ili uibebe. Nikaitazama pale mezani. Nikajiona namtuma mtu mwingine mahali ninapotakiwa kwenda mimi. Nikaichana na hiyo.

Leo mchana uliponiona narudi kutoka stendi nilikuwa nimekwenda kukata tiketi yangu. Nitapanda basi lako. Sijui atanifanyia nini, wala kama itakuharibia kazi. Inaweza. Kama ni hivyo utakuwa na haki ya kunichukia, na mimi nitakuwa nimekuharibia kwa kusema ukweli, kitu ambacho sijakizoea. Lakini sitaki ulale usiku wako wa kwanza katika nyumba ile ukiwa siri ya mtu.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Isome kabla hatujatoka. Kama huna la kusema, usiseme. Siti yangu nimeomba iwe ya nyuma kabisa, ili usilazimike kukaa na mimi mpaka Iringa. Tukifika wewe ingia kazini. Mimi nitabaki nje ya geti mpaka Editha mwenyewe aseme kama niingie.

Mama